Kofia Iliyokatwa Vipande Viwili

Mazungumzo ya redio kwa familia zilizohama makwao na kwa viongozi wa mitaa

 

Leo tutazungumza juu ya kitabu cha watoto. Mtu asiseme: sisi tumeacha mashamba, tunatafuta unga na kuni, na huyu anatuletea vitabu vya watoto. Nivumilieni kidogo. Kitabu hiki kinahusu Kongo yetu, na ndani yake mna neno moja linalotugusa sisi tunaotafuta amani.

Wengi waliosoma shule katika nchi hii wanamjua Tintin, yule kijana mwandishi wa gazeti mwenye kishungi cha nywele, pamoja na mbwa wake mweupe Milou. Aliyemchora ni Mbelgiji, jina lake Georges Remi, aliyejiita Hergé. Alizaliwa mwaka 1907 akafariki mwaka 1983. Tulizipenda hadithi zake tukiwa watoto. Kitabu kimoja kilipita mikono ishirini mpaka jalada likachanika, na aliyejua kusoma Kifaransa aliwasomea wenzake wasiojua. Tulipenda safari zake, wezi wanaokamatwa, na mbwa anayesema maneno ya kuchekesha. Na katika vitabu hivyo vyote kimoja kilibeba jina la nchi yetu: *Tintin au Congo*, ndiyo kusema Tintin huko Kongo. Mtoto wa Bukavu au wa Kisangani anapoona jina la nchi yake juu ya kitabu kilichotoka Ulaya, moyo wake unaruka.

Lakini kirudie kitabu hicho ukiwa mtu mzima. Kisome polepole, kama vile unavyosoma karatasi kabla ya kutia sahihi. Utaona kwamba wewe humo. Nchi imetajwa, watu wake hawapo.

Tuangalie pamoja. Hadithi hiyo ilitokea kipande kwa kipande katika gazeti la watoto la Brussels, *Le Petit Vingtième*, tangu mwezi wa 6 mwaka 1930 hadi mwezi wa 6 mwaka 1931. Hergé alikuwa na umri wa miaka 23 alipoianza. Hakuwa amefika Kongo. Yeye mwenyewe alitaka kumpeleka Tintin Marekani, lakini mkubwa wake wa gazeti, padri Norbert Wallez, alitaka Kongo kwanza, ili watoto wa Ubelgiji wapende koloni lao. Basi kijana akachora alichosikia kwa watu na alichoona katika jumba la makumbusho la Tervuren, karibu na Brussels.

Alichora nini? Alichora watu weusi wanaofanana wote, wenye midomo mikubwa, wanaosema Kifaransa kilichovunjika. Mtu aliyejua kikwao, na lugha ya jirani, na ya soko, alionyeshwa kama mtu asiyejua kusema. Alichora makabila mawili yanayopigana, moja akaliita Babaoro'm. Msitafute kabila hilo kwenye ramani. Ni mchezo wa maneno: kwa Kifaransa *baba au rhum* ni keki iliyolowa rumu. Hata jina la kabila hakutuulizia.

Kuna ukurasa wa treni. Gari la Tintin limekwama juu ya reli, treni inakuja, wanagongana, na treni ndiyo inayoanguka, siyo gari! Kisha Wakongomani wanaamriwa kuinyanyua, na hata mbwa anawasukuma wafanye kazi. Mtoto anacheka. Lakini reli ya kweli, ile ya Matadi hadi Kinshasa, kilometa 366, ilijengwa kati ya mwaka 1890 na 1898 kwa mikono ya Waafrika, na wengi walikufa humo kwa kazi, kwa homa na kwa kuhara. Mtoto wa Brussels hakuambiwa hayo. Na mwezi ule ule wa 6 mwaka 1931, hadithi ilipokuwa ikimalizika gazetini, Wapende wa Kwango walikuwa wakiasi kwa sababu ya kodi na kazi ya kuvuna ngazi za mchikichi kwa bei ndogo. Askari walitumwa, na mamia ya Wapende waliuawa. Hizo zilikuwa Kongo mbili kwa wakati mmoja: moja ya kuchekesha, nyingine ya kuliza. Iliyofika mezani pa watoto wa Ulaya ni ile ya kwanza.

Wazee wetu walisema: mwamba ngoma ngozi huivuta kwake. Anayechora ndiye anayevuta ngozi.

Sasa tufike kwenye kofia, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Katika kitabu hicho watu wawili wanagombania kofia ya majani. Huyu anavuta, na yule anavuta. Tintin anafika, anachukua kofia, anaikata vipande viwili, anampa kila mmoja kipande chake. Wote wawili wanaondoka wakifurahi, wakimsifu mzungu kwa haki yake. Hapo mchekeshaji anataka tuwacheke wale watu wawili kwa ujinga wao. Lakini mimi nawauliza ninyi viongozi: je, tumewahi kuona jambo kama hilo kwetu?

Tumeliona. Tuseme kuna bomba moja la maji, na wenyeji wanagombana na wale waliohamia. Mkubwa anakuja na gari, ana haraka, anataka kurudi kabla ya giza. Anasema: asubuhi ni ya wenyeji, jioni ni ya wageni, kwisha maneno. Watu wanapiga makofi, picha inapigwa, gari linaondoka. Lakini hakuuliza kwamba jioni maji hayatoki. Hakuuliza kwamba mama mjamzito anatoka mbali na giza linamkuta njiani. Hakuuliza kwamba ugomvi haukuanza kwenye maji, ulianza kwenye shamba lililolimwa bila mwenyewe kuulizwa. Amekata kofia. Kila upande una kipande, na jua linawachoma wote.

Ndugu zangu, kugawanya nusu kwa nusu kunaonekana kama haki kwa sababu ni rahisi kuhesabu. Lakini mpatanishi wa kweli anaanza na maswali, kisu kinangoja. Kofia ilikuwa ya nani? Iliazimwa? Iliokotwa? Ilikuwa ya marehemu ndugu yao? Nani anahitaji kufunika kichwa leo, na nani ana kofia nyingine nyumbani? Wazee wetu katika barza walikaa siku nzima, pengine siku mbili, na wageni wenye haraka waliwaona kama wavivu. Hawakuwa wavivu. Walikuwa wanatafuta mwenye kofia. Na hata barza ilikuwa na kasoro yake: mara nyingi mama na kijana walikaa nje, wakisikia kwa mbali. Barza ya leo iwape nafasi, maana mama ndiye anayejua bomba linatoa maji saa ngapi.

Turudi kwa yule mchoraji, kwa maana habari yake haikuishia hapo.

Katika mwaka 1946 Hergé alichora kitabu upya kwa rangi. Mwanzoni Tintin alikuwa akiwafundisha watoto Wakongomani darasani kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Mara hii somo lile likaondolewa, likawekwa somo la hesabu: mbili na mbili ni ngapi? Lakini watoto darasani wamenyamaza, hakuna anayejibu! Mnaona? Neno limefutwa, na jicho limebaki lile lile. Ni kama mtu anayeacha kutukana kabila la jirani yake hadharani kwa kuogopa mkutano wa komite, na huku nyumbani anawaambia watoto wake: wale hawana akili. Kufuta neno ni hatua ya kwanza, na tuishukuru, lakini moyo haujaguswa bado.

Nini kiligusa moyo wa Hergé? Hapa kuna jambo la ajabu. Baada ya miaka michache alitaka kumpeleka Tintin China. Padri mmoja aliyewatunza wanafunzi Wachina huko Ubelgiji alimwandikia kumwonya asiwachore Wachina kwa dharau, kwa sababu ingewaumiza wanafunzi hao. Basi mwaka 1934 Hergé akajulishwa kwa kijana Mchina, Tchang Tchong-jen, aliyekuwa akijifunza kuchonga sanamu Brussels. Wakawa wanakutana. Tchang akamweleza nchi yake, watu wake, na vita walivyoletewa na Wajapani. Akamfundisha jinsi ya kushika kalamu ya Kichina, na yale maandiko ya Kichina yanayoonekana kwenye kuta katika kitabu chao ni maneno ya kweli, yana maana.

Kitabu hicho kinaitwa *Le Lotus bleu*, kilitoka mwaka 1936. Ndani yake Tintin anamwokoa mvulana Mchina mtoni, naye pia anaitwa Tchang, na hao wawili wanakaa wakielezana mambo ya uongo ambayo Wazungu wanasema juu ya Wachina, na yale ambayo Wachina wanasema juu ya Wazungu. Kisha wanacheka pamoja. Angalieni tofauti: katika kitabu cha Kongo tunachekwa, katika kitabu cha China watu wanacheka pamoja. Kati ya vitabu hivyo viwili ni miaka michache tu, mkono ni ule ule, kalamu ni ile ile. Kilichobadilika ni kwamba mara hii mwenyeji alikaa mezani na kusema: hapana, kwetu si hivyo.

Hakuna Mkongomani aliyeketishwa kwenye meza ile mwaka 1930. Hiyo ndiyo kasoro ya kitabu kile. Baadaye, akiwa mzee, Hergé mwenyewe alikubali kwamba alikichora akiwa amejaa mawazo ya watu wa wakati ule na wa mahali alipokulia.

Mnajua pia kwamba maneno haya yalifika mahakamani. Mwaka 2007 Mkongomani mmoja anayeishi Ubelgiji, Bienvenu Mbutu Mondondo, alishitaki huko Brussels, akitaka kitabu kizuiliwe, au angalau kiwekewe onyo. Katika mwezi wa 2 mwaka 2012 mahakama ilikataa, na mwaka huo huo rufaa nayo ilikataliwa. Waamuzi walisema kitabu ni cha wakati wake na hawakuona nia ya kuchochea ubaguzi. Wengine walifurahi, wengine walihuzunika. Mimi naona jambo moja: sheria inatazama nia ya aliyechora, lakini mtoto anayechekwa hana njia ya kuiona nia hiyo. Anaona mdomo aliochorewa. Mahali sheria inapofika mwisho wake, kazi ya mzazi, ya mwalimu na ya mzee wa mtaa inaanza.

Na wale waliotengeneza katuni za Tintin kwa ajili ya televisheni kuanzia mwaka 1991 walikiruka kitabu cha Kongo kabisa. Hiyo nayo ni njia moja. Lakini kuficha picha si sawa na kuieleza. Mtoto atakuja kuikuta siku nyingine, peke yake, bila mtu wa kumwambia.

Sasa, ndugu msikilizaji, tuache Wabelgiji kidogo. Tujiangalie sisi.

Kila mmoja wetu ana kitabu chake cha picha kichwani. Ndani yake tumechora wale wa ng'ambo ya mto, wale wa mlimani, wale wenye ng'ombe, wale wenye mashamba, wale wanaosema lugha ile. Wote tumewachora sura moja. Huyu ni mwizi, yule ni mchawi, hawa ni wageni wasioisha, wale ni watu wa msituni. Nani alitupa picha hizo? Je, alifika kwao? Alikula kwao? Alilala kwao? Au alisikia kwa mwenzake aliyesikia kwa mwenzake?

Na picha hizo si za kuchekesha tu. Katika Rwanda jirani, gazeti moja liitwalo *Kangura*, lililoanza mwaka 1990, lilitumia maandishi na michoro kuwadhihaki Watutsi na kuwatia watu chuki. Walizoeshwa kumwita jirani mende. Mwaka 1994 mende aliuawa, na kumbe alikuwa mtu, mama wa watu, mtoto wa watu. Mwaka 2003 mahakama ya kimataifa huko Arusha ilimhukumu mhariri wa gazeti hilo, Hassan Ngeze, pamoja na wakubwa wawili wa redio RTLM. Baada ya rufaa ya mwaka 2007 kifungo chake kilibaki miaka 35. Kwa hiyo asiwepo wa kutuambia kwamba mchoro ni mchezo, au kwamba jina la dharau ni utani. Panga linapoinuliwa, picha imetangulia siku nyingi.

Basi tufanye nini? Nitasema mambo manne.

La kwanza ni la wazazi. Mtoto akirudi na neno baya juu ya watu fulani, usimpige kwanza, na usicheke. Muulize: ni nani kati yao unayemjua kwa jina? Mara nyingi atanyamaza. Au atasema: namjua fulani, lakini huyo ni mzuri. Hapo umepata mlango. Mwambie: ikiwa yule unayemjua ni mzuri, basi hao wabaya uliwaona wapi?

La pili ni la walimu, hata wale wanaofundisha chini ya hema bila ubao. Msitupe vitabu vya zamani kwa hasira, na msivisome kwa kufumba macho. Vifungueni pamoja na watoto. Waulizeni: aliyechora hapa alikuwa nani? Alimwuliza nani? Nani hayupo kwenye picha? Mtoto aliyezoea maswali hayo hatadanganywa kwa urahisi siku ile mtu atakapomletea karatasi ya uchochezi au habari ya uongo kwenye simu.

La tatu ni la viongozi. Kabla ya kukata neno lolote kati ya pande mbili, mtafuteni Tchang wenu. Maana yangu ni hii: kabla hujaandika orodha ya wahitaji, kabla hujapanga zamu ya maji, kabla hujatuma ripoti juu ya watu fulani, muketishe mezani mtu mmoja wao, na tena siyo yule anayekubali kila kitu. Muketishe yule anayeweza kusema: hapana, kwetu si hivyo. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuchora bila kuuliza.

La nne ni letu sote: tujichore wenyewe. Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani mwaka 1959, ametoa vitabu vya picha vinavyosomwa mbali, na Wakongomani waliomo wana nyuso zao, kila mtu na uso wake. Chéri Samba wa Kinshasa alichora mwaka 2002 picha inayoitwa *Réorganisation*. Ndani yake mnaonekana sanamu ya Tervuren ya mtu-chui, Anioto, ile ile iliyompa Hergé mfano alipochora watu-chui katika kitabu chake. Weusi wanaivuta kwa kamba kuitoa nje ya jumba, na upande wa pili Wazungu wanaivuta ibaki ndani. Mvutano! Na jumba hilo lilipofunguliwa tena mwezi wa 12 mwaka 2018 baada ya kutengenezwa, sanamu ile haikurudi mahali pake pa zamani. Iliwekwa katika chumba cha pembeni pamoja na nyingine ambazo hazifai tena kufundisha watu habari za Kongo. Sikilizeni vizuri: Chéri Samba alitia rangi kwenye kitambaa, akaonyesha kamba iko wapi na nani anaivuta, na miaka kumi na sita baadaye mtu-chui alikuwa amehama.

Na ninyi mliohama makwenu mna la kuchora pia. Mnapohojiwa, msikubali kuonyeshwa kama watu wa kunyoosha mikono tu. Semeni pia mlivyokuwa: huyu alikuwa fundi wa kushona, huyu mwalimu, huyu alijua kutengeneza baiskeli, mama huyu alilima maharage akalisha nyumba tatu. Na mnaowapokea, msiwachore kama wachoyo. Wengine wao wamegawana nanyi chumba, chungu na sombe mpaka nao wakabaki na kidogo.

Nimalizie kwa wale watu wawili wa kofia. Kitabu kinasema walifurahi. Mimi siamini. Naamini kwamba mchoraji hakungoja kuona. Jioni ile, mmoja wao alitoka na kipande chake, akakutana na mwenzake njiani naye ana chake. Kama wangeachwa wazungumze bila mtu mwenye kisu katikati yao, naamini wangekaa chini, wakatafuta sindano na uzi.

Sindano hiyo tunayo. Tumtafute tuliyegombana naye, tumwulize habari yake kwa kinywa chake mwenyewe, na tumpe yetu. Juma hili, kila mmoja wetu amtafute mtu mmoja tu wa wale aliowachora kichwani bila kuwafahamu, amsalimie kwa jina lake, na amwulize kwao palikuwaje.

 Mkae kwa amani, na wanaosafiri wafike salama.